Viboko Walivyoviandika

Mwanaume mwingine akitaka kukuoa anakuletea pete. Jory Maddern aliniletea ufunguo.

Alinipa Ijumaa jioni nyuma ya kinu cha ngano, tukiwa tumesimama mbali mbali kama watu waliokutana kwa bahati tu, maana wanawake wa Candover wana macho hata kisogoni. Ulikuwa ufunguo wa chuma, mkubwa, wa chumba cha nyuma cha mahakama alikokuwa karani.

"Sina kitu cha thamani kuliko hiki," akaniambia. "Kaa nao mpaka Jumanne. Siku hiyo gari la serikali linakuja kuvichukua vitabu vya mle ndani kuvipeleka mji mkuu, Hobart. Kama umenikubali, nirudishie mwenyewe, mkono kwa mkono. Kama umenikataa, mpe mtu yeyote aniletee, nami nitaelewa."

"Kwa nini usikae nao wewe?"

"Baba yako ameshaniomba mara mbili niufungue mlango ule. Mara ya tatu hataomba."

"Si ungempa tu, Jory? Vitabu vya watu waliokufa zamani. Ungempa, leo hii tungekuwa tunazungumza habari za harusi."

Akanitazama kwa yale macho yake ya kijivu ambayo yalikuwa yakinikosesha usingizi tangu majira ya mavuno. Vidole vyake vilikuwa na wino kama kawaida, nami nilitamani kuvishika.

"Mama yangu alitenganishwa na mama yake akiwa bado ananyonya," akasema. "Akakulia kwenye nyumba ya yatima wa wafungwa bila kujua yeye ni wa nani. Jina la mama yake alilikuta kwenye kitabu kimoja mle ndani, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Alilia siku nzima, Zilpah. Sasa unaniambia nimchomee mtu mwingine mama yake ili nipate mke?"

Nilichukua ufunguo, nikauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, nikaufunika na gauni. Nilitaka kumwambia ndiyo palepale. Sikusema, kwa sababu nilimwogopa baba, na mtu yeyote aliyemjua Josiah Garraway hatanilaumu.

Vitabu vyenyewe kila mtu kisiwani kwetu Tasmania alivijua na hakuna aliyevitaja. Enzi za babu zetu, kila aliyeletwa huku kutoka Uingereza na minyororo miguuni aliandikwa: meli iliyomleta, kosa alilofanya, rangi ya macho, makovu, na kila kiboko alichopigwa baada ya kufika. Kwa hiyo mtu akija kwenu kwa habari za uchumba, swali lake la kwanza, analolitoa huku anatabasamu juu ya kikombe cha chai, ni hili: "Na nyinyi mlikuja na meli gani?" Jibu la kwetu lilikuwa tayari kabla sijazaliwa. Sisi Garraway tulikuja na meli ya abiria, tukiwa na chumba chetu wenyewe. Kaka yangu Edgar alikuwa ameshampa jibu hilo mama yake Eveline Thorncombe, mchumba wake, na harusi yao ilipangwa Machi.

Jumatatu ilikuwa siku ya mbio za farasi. Mji mzima ulikwenda uwanjani, ng'ambo ya mto, pamoja na askari wetu mmoja wa pekee. Mimi nilibaki nyumbani na bibi, mama yake baba. Bibi Dorcas alikuwa na zaidi ya miaka sabini, miguu imechoka, mdomo haujachoka hata kidogo. Alikuwa amekaa mlangoni akimenya njegere, na kofia yake nyeupe ya kitambaa ambayo hakuivua mbele ya mtu, hata mbele yangu.

Nikaenda stoo kutafuta mafuta ya kujazia taa. Debe halikuwepo.

"Bibi, debe la mafuta ya taa liko wapi?"

"Baba yako na Edgar wamelipakia kwenye gari asubuhi."

"La kazi gani huko kwenye mbio?"

"Hata mimi nilijiuliza. Labda farasi wa siku hizi wanakunywa mafuta ya taa." Akatupa ganda la njegere ndani ya beseni. Halafu mikono yake ikasimama. "Zilpah, yule kijana wako yuko wapi leo?"

"Kijana gani, bibi?"

"Usinifanye mtoto. Yule wa mahakamani."

Nilihisi ufunguo umekuwa wa baridi kifuani. Nilikimbilia zizini nikafunga farasi kwenye kigari kidogo. Nilipogeuka nikamkuta bibi amesimama nyuma yangu na fimbo yake, kofia kaikaza kwa kamba chini ya kidevu.

"Nipandishe," akasema.

"Bibi, utaumia."

"Nipandishe, au nikutangulie kwa miguu, uje unibebe barabarani."

Nilisikia mjeledi kabla sijaiona mahakama. Ni mlio nilioujua tangu utotoni, mlio wa mjeledi mrefu wa kuchungia ng'ombe, ila kwa ng'ombe haulii hivi. Ukipiga hewa hulia kwa ukali. Huu ulikuwa unalia kwa uzito, kisha kimya.

Nikaruka chini nikasukuma lango la ua.

Walikuwa wamemfunga Jory ukutani, kwenye pete ya chuma tunayofungia farasi siku za kesi. Shati lilikuwa limechanika mpaka kiunoni na mgongo wake ulikuwa umefunguka kwa mistari. Mkono wake wa kulia, ule wa kuandikia, ulikuwa umevimba na vidole viwili vimegeukia upande usio wao. Edgar alikuwa ameukanyaga kwa buti. Edgar mwenyewe alikuwa amevaa suti ya kwenda kwenye mbio, ua kifuani, anahema, mjeledi mkononi. Baba alikuwa ameketi juu ya debe la mafuta na kofia magotini, ametulia kama anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

"Ufunguo, Maddern," baba alikuwa anasema. "Neno moja tu. Uko wapi?"

Jory akatema damu. "Nimesahau."

Mjeledi ukatua. Akaning'inia kwenye kamba.

Nilipiga kelele nikamrukia Edgar, nikamparua shavu. Akanisukuma nikaanguka kwenye mawe. Nilipoinuka baba alikuwa ameshafika, akanizaba kofi lililonifanya nione giza, na mdomo wangu ukajaa ladha ya damu.

"Nani amekuita hapa?"

"Mwacheni. Baba, mtamuua."

"Hafi. Akitaka kuondoka hapa anajua la kufanya." Akanishika bega, sauti ikashuka, akawa yule baba anayeninunulia utepe sikukuu ikifika. "Sikiliza, binti yangu. Watu wa serikali wamekataa kuniuzia chumba kizima cha vitabu. Fedha hawataki. Mimi sina ubaya na kijana huyu. Nimemwambia mbele ya kaka yako, na sasa namwambia mbele yako: atoe ufunguo, niviteketeze vile vitabu, na Jumapili hii nakupeleka kanisani kwa mkono wangu mwenyewe. Anakuchukua wewe na malisho ya upande wa mto. Muulize amejibu nini."

Nikamgeukia Jory. Alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani na macho ameyafumba kwa nguvu. Hakunitazama. Nikasubiri anitazame, nikaumia kwamba hanitazami, kisha nikaelewa. Alijua akinitazama tu, baba atajua ufunguo ulipo. Alikuwa analinda shingo yangu kwa mgongo wake.

Nimesikia wasichana wakisema walijua siku fulani kwamba wanapendwa, kwa sababu ya maua au shairi. Mimi nilijulia pale, kwa mtu aliyekataa kunitazama.

"Edgar," baba akasema, "endelea."

"Ninao mimi," nikasema.

Mjeledi ukabaki hewani. Nikachomoa kamba kifuani, ufunguo ukatokeza, nao wote watatu wakautazama.

"Zilpah, hapana," Jory akasema. Sauti yake ilivunjika. Mjeledi haukuwa umemvunja.

"Lete," akasema baba.

"Sikupi. Nitafungua mwenyewe. Nitatoa kitabu kimoja, kile chenye jina letu, na nitakusomea ukurasa wetu. Ukimaliza kusikia, choma unachotaka. Sitakuzuia na Jory hatakuzuia. Lakini hutachoma kitu usichokijua."

"Nakijua."

"Unakijua? Umewahi kukisoma?"

Alikuwa hajawahi. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu Candover, watu walikuwa tayari kuua kwa ajili ya ukurasa ambao hawajawahi kuufungua.

"Mwache asome," Edgar akasema, akijifuta damu shavuni. "Tutakawia. Mbio za tatu zimeshaanza na Eveline ananisubiri."

Chumba kilikuwa cha mawe na mlango wa chuma, hakina dirisha, kinanuka ngozi na vumbi. Vitabu vilipangwa kwa herufi na Jory mwenyewe, kwa mwandiko ninaoujua. Nilikipata cha G. Kilikuwa kizito, nikakibeba kwa mikono miwili kama mtoto, nikakiweka juu ya kizingiti uani. Baba alisimama nyuma yangu amefungua debe. Nilisikia mafuta yakimwagika juu ya rafu za karibu na mlango, harufu ikanipanda puani, na kiberiti kikatikisika mkononi mwake.

Nikasoma kwa sauti.

"Silas Garraway. Kwa meli Hesperine. Kosa, kuiba kondoo dume wawili. Miaka kumi na minne."

"Kondoo," Edgar akasema. Sisi tulikuwa na kondoo elfu nne.

"Macho ya bluu. Kovu juu ya nyusi ya kushoto. Amekabidhiwa kwa Kapteni Thorncombe wa Ashgrove, kufanya kazi shambani."

Edgar akageuka. "Nani?"

"Kapteni Thorncombe wa Ashgrove."

"Huyo ni babu yake Eveline."

"Nyamaza," baba akamwambia, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Mstari uliofuata ilibidi niuanze mara mbili.

"Februari. Alikutwa jikoni kwa bwana wake bila ruhusa, akizungumza na mfungwa wa kike Dorcas Wray. Viboko thelathini na sita, vipigwe katika ua wa mahakama ya Candover. Dorcas Wray, anyolewe nywele, na afungwe wiki mbili katika chumba cha giza."

Nilitazama ua, nikatazama pete ya chuma, nikamtazama Jory aliyening'inia pale, damu yake ikidondoka kwenye mawe yale yale.

"Mzee wangu alikuwa haogi mtoni," baba akasema. Alikuwa anaongea peke yake. "Hata kiangazi. Tunakata manyoya ya kondoo, joto la kuua, wanaume wote vifua wazi, yeye kavaa shati. Nilidhani ni aibu zake. Na mjeledi alikuwa hataki uingie ndani ya nyumba. Niliuingiza siku moja, nina miaka kumi, akautupa kwenye moto akatoka nje. Nikamwona mwoga." Akaitazama pete ya ukutani. "Nikamwona mwoga mpaka anakufa."

"Pete ni hiyohiyo."

Tuligeuka. Bibi Dorcas alikuwa amesimama langoni, ameegemea fimbo. Nilikuwa nimemsahau kwenye kigari na Mungu anajua alivyoshuka.

"Mama, rudi nyumbani," akasema baba.

"Nimeshaambiwa hivyo na wanaume wakubwa kuliko wewe, Josiah." Akatembea polepole mpaka kwa Jory, akamtazama mgongo kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akagusa ukuta karibu na kichwa chake. "Edgar. Mfungue huyu mtoto."

"Bibi, wewe huelewi…"

"Mfungue, nimekwambia."

Edgar akakata kamba. Nilimpokea Jory akaniangukia, tukaketi chini wote wawili, kichwa chake begani kwangu. "Samahani," akanong'ona. "Nilikuwa najua ukurasa ule. Haikuwa kazi yangu kukuambia." Nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Mama," baba akasema. Kiberiti kilikuwa bado mkononi. "Ni kweli? Alipigwa kwa sababu ya kuzungumza na wewe?"

"Alikuja kuniuliza kama nitamkubali. Alikuwa ameomba ruhusa ya kunioa na Kapteni akamnyima, mara mbili. Akasema basi ataniuliza mimi mwenyewe. Nilikuwa naosha sufuria. Kabla sijafungua mdomo, wakaingia watu wa Kapteni."

"Hukumjibu?"

"Saa ngapi? Walinivuta kwa nywele. Walikuwa wananipeleka kunyolewa, lakini Kapteni akasema nisimamishwe hapa kwanza, nione." Akaonyesha kwa fimbo, karibu na lango. "Pale niliposimama nilipoingia sasa hivi. Silas alikuwa halii. Mimi nikaona atakufa hajapata jibu lake, na mtu hawezi kufa hivyo. Kwa hiyo nikamjibu. Nikapaza sauti, Ndiyo, Silas, nimekubali. Mpiga viboko akacheka. Silas naye akacheka, akiwa amefungwa. Hicho ndicho kilichomuudhi Kapteni."

Bibi akanigeukia. "Wameandika ngapi?"

"Thelathini na sita, bibi."

"Soma vizuri."

"Thelathini na sita. Ndivyo ilivyo."

Akatikisa kichwa. "Vilikuwa hamsini. Hakimu alisema thelathini na sita. Aliposikia kicheko, Kapteni Thorncombe alivua koti, akachukua mjeledi mwenyewe, akaongeza vyake kumi na vinne. Nilivihesabu kimoja kimoja. Nimekaa na hesabu hiyo maisha yangu yote, nikijua iko mahali imeandikwa. Kumbe hawakuiandika."

Edgar alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, ua la kifuani limeinama. Alitazama mjeledi uliokuwa mkononi mwake, akafungua vidole, ukaanguka. Harusi ya Machi sikuisikia tena ikitajwa.

"Wewe karani," bibi akasema. "Andika. Hamsini."

Jory akainua uso. Hata katika hali ile alikuwa karani. "Bibi, sheria hairuhusu kugusa kilichoandikwa. Ningemruhusu mmoja kuongeza, wa pili angetaka kufuta."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Lakini naweza kuweka karatasi ndani ya ukurasa, yenye jina lako na ulichokiona. Itakwenda na kitabu Hobart, na atakayekifungua ataisoma." Akatazama mkono wake uliovunjika. "Ila leo siwezi kushika kalamu."

"Mimi naweza," nikasema.

Nilimwegemeza ukutani taratibu. Niliingia ofisini nikachukua karatasi na wino, nikapita mbele ya baba. Hakunizuia. Niliandika palepale kizingitini, bibi akisema na mimi nikiandika, na mafuta ya taa yakinuka kila mahali. Alipofika mwisho, alifungua kamba ya kidevuni akavua kofia yake mbele yetu sote, kwa mara ya kwanza. Upande wa kisogo, mahali ambapo wembe ulikuwa umeikata ngozi zamani zile, nywele hazikuwa zimeota tena. "Liandike na hili," akasema. Nikaliandika.

Akatia sahihi yake, msalaba tu, maana kuandika hakujua.

Baba alisimama akiutazama ule msalaba kwa muda. Halafu akakiweka kiberiti juu ya kitabu, akauokota mjeledi kutoka miguuni kwa Edgar, akauviringisha mara nyingi kuliko inavyohitajika.

"Nilikuwa nitamwoza kwa ufunguo," akamwambia mama yake. "Sasa sitoi kitu. Malisho sitoi. Kanisani siendi. Nimemfanyia huyu kijana nilichomfanyia, sina uso wa kukaa naye meza moja."

"Hakuna aliyekuomba malisho," bibi akasema. "Nipandishe kigarini, unipeleke nyumbani, nimeacha njegere juani."

Alikwenda naye kumpandisha. Nilirudisha kitabu ndani na karatasi yake, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikarudi kwa Jory. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, kiganja juu. Ilikuwa bado Jumatatu.

Nilimwekea ufunguo kiganjani, mkono kwa mkono.

"Ndiyo, Jory," nikasema. "Nimekubali."

Nilisema kwa sauti kubwa, mpaka baba huko nje ya lango akasikia, na bibi kwenye kigari akasikia, akacheka.